Msiwavue nguo wafu kwenye kurasa za gazeti

Mhariri,

Nimesoma mara tatu makala mliyoichapisha Jumamosi iliyopita kuhusu wanawake wa zamani waliovaa na kuishi kama wanaume, na kila nilipoirudia nilizidi kusononeka. Mada yenyewe haina kosa. Ni mada niipendayo na ambayo nimeifuatilia kwa miaka mingi. Kilichonisononesha ni namna mlivyoisimulia. Kichwa cha habari kiliwaita walaghai. Kila kisa kilikomea pale ambapo mtu alivuliwa nguo, kana kwamba maisha yote yaliyotangulia yalikuwa pazia tu lililongoja kufunuliwa. Katika kisa cha Daktari James Barry nilihesabu maneno "mwanamke huyo" mara 14, na neno "daktari" mara mbili.

Naandika nikiwa mtu ambaye kazi yake inaligusa jambo hili kwa karibu. Hapa Bondeni, Nakuru, mimi ni mmoja wa akina mama wanaoitwa msiba unapotokea ili kuosha maiti wa kike na kuwavisha sanda. Kazi hiyo nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, na jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa namna ya kuchemsha majani ya mkunazi wala kiasi cha kafuri katika maji ya mwisho. Lilikuwa shuka. Maiti hafunuliwi. Shuka hutandazwa juu ya mwili, mkono wa mwoshaji huvishwa kitambaa, na mkono huo hupita chini ya shuka pasipo macho kuufuata. Wanaoingia chumbani ni wachache, na pazia hushushwa hata kama dirisha latazama ukuta. Mkishatoka, lolote mlilolikuta, liwe kovu, kilema, alama ya kipigo au siri ya uzazi, huzikwa pamoja na mwenyewe. Hiyo ndiyo sitara. Bibi alimkataza mwanamke mmoja wa mtaa wetu asikanyage tena chumba cha maiti kwa sababu ya sentensi moja tu aliyoitamka akiwa kwenye foleni ya maji, na alipoombewa msamaha na wazee alikataa katakata.

Kwa hiyo ninaposoma habari za Barry, mimi husimama mahali ambapo makala yenu haikusimama. Mtu huyo alizaliwa Cork, nchini Ireland, mnamo 1789 hivi, akapewa jina la Margaret Bulkley. Mwaka 1809 alipanda meli kwenda Edinburgh akiwa amevaa nguo za kiume na kujiita James Barry, jina la mjomba wake aliyekuwa mchoraji, na mwaka 1812 akahitimu udaktari. Chuo Kikuu cha Edinburgh hakikusajili wanafunzi wa kike hadi mwaka 1869, na hata wale saba wa kwanza walizuiwa kupata shahada baada ya kusoma na kufaulu. Huo ndio mlango uliokuwa umefungwa. Barry aliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1813, akatumwa Cape Town mwaka 1816, na huko akagombana na wakubwa kwa ajili ya maji safi ya mji, chakula cha wafungwa, hali ya wagonjwa wa ukoma na biashara ya dawa zilizouzwa na watu wasiojua walichouza. Mwaka 1826 alimpasua mama mmoja aliyeshindwa kujifungua, na mama na mtoto wakapona wote wawili, jambo lililokuwa nadra sana miongoni mwa matabibu wa Kizungu wa zama hizo. (Nasema wa Kizungu kwa makusudi, kwa maana mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa Bunyoro, katika Uganda ya leo, akifanya upasuaji kama huo kwa ustadi wa mtu aliyeuzoea, akitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kunawia mikono.) Mtoto yule wa Cape Town alipewa jina la daktari, na jina hilo likaendelea kurithiwa hadi likamfikia James Barry Munnik Hertzog, waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia mwaka 1924 hadi 1939.

Barry alipanda cheo hadi kuwa Inspekta Jenerali wa Hospitali, akafariki London tarehe 25 Julai 1865. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameagiza azikwe katika nguo alizofia, mwili wake usishughulikiwe. Agizo hilo halikutimizwa. Mwanamke aliyeuandaa mwili alikwenda kueleza alichokiona, na baada ya majuma machache magazeti yakawa yamelidaka. Daktari wa jeshi aliyetia sahihi cheti cha kifo, D. R. McKinnon, alipoulizwa na msajili wa vifo aliandika kwamba kama Barry alikuwa mwanamume au mwanamke halikuwa jambo lake. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Mtu wa mbali, wa dini nyingine na wa karne nyingine, alijua adabu ambayo bibi yangu alinifundisha katika chumba kidogo cha nyuma hapa Bondeni. Waliokosa adabu ni mwoshaji na magazeti, na mwaka huu, Mhariri, mmejiunga nao.

Kisa cha Albert Cashier mlikipitia haraka, nami naomba nikisimulie taratibu, kwa sababu ndani yake sitara ilitolewa na kunyang'anywa kwa mtu yuleyule. Alizaliwa Ireland mwaka 1843 akaitwa Jennie Hodgers, akahamia Marekani, na mwezi Agosti 1862 akajiandikisha kama mwanamume katika kikosi cha 95 cha askari wa miguu wa Illinois. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kikosi hicho kilipigana mapambano yapatayo 40, likiwemo la kuuzingira mji wa Vicksburg. Vita vilipokwisha hakurudia jina la zamani. Aliishi katika kijiji cha Saunemin akifanya vibarua, akipiga kura na kupokea pensheni ya askari. Alipokuwa mzee aligongwa na gari, mguu ukavunjika, na daktari aliyemtibu akaijua siri. Daktari huyo alinyamaza, na wachache waliolazimika kujua pia wakanyamaza, wakamtafutia nafasi katika makao ya askari wazee. Lakini mwaka 1914, akili yake ilipodhoofika, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko wahudumu wakamlazimisha avae sketi. Mzee wa miaka zaidi ya 70, aliyekuwa amevaa suruali kwa zaidi ya nusu karne, akawa anajikwaa katika nguo asizozijua, akaanguka na kuumia. Ofisi ya pensheni ilipochunguza kama serikali ilikuwa imeibiwa, askari wenzake wa zamani walijitokeza wakashuhudia kwamba huyu ndiye Cashier waliyepigana naye bega kwa bega, na pensheni haikukatwa. Alifariki Oktoba 1915, akazikwa katika sare yake kwa heshima za kijeshi, na kaburini likaandikwa jina la Albert Cashier na la kikosi chake. Wale askari wazee wangeweza kucheka. Hawakucheka.

Wapo watakaosema kwamba uongo ni uongo, na kwamba mwanahistoria hawezi kufunga mdomo kama mwoshaji. Nakubali kwamba historia lazima iandikwe. Mimi mwenyewe nisingeyajua haya kama yasingeandikwa. Lakini kuandika kwamba mtu alizaliwa na jina fulani, akaona mlango umefungwa, akachukua jina jingine na kufanya kazi fulani kwa miaka 50, si sawa na kuandika kwamba alilaghai akafichuliwa. Maneno ya kwanza yanaeleza maisha, ya pili yanamlaza mtu uchi mezani.

Tena si haki kuwatia wote katika kapu moja kama mlivyofanya. Deborah Sampson aliyepigana katika vita vya uhuru vya Marekani kwa jina la Robert Shurtliff alirudi katika nguo za kike vita vilipokwisha, akaolewa, akazaa. Maria Quitéria wa Brazil, aliyeingia jeshini mwaka 1822 kwa jina la shemeji yake, alitunukiwa nishani na mfalme akiwa anajulikana wazi kuwa mwanamke. Kwao vazi lilikuwa la kazi, kama ovaroli la fundi. Barry na Cashier hawakulivua walipokuwa na uwezo wa kulivua, na sisi tusiokuwepo hatuna ruhusa ya kuwasemea kwamba ndani ya nafsi zao walijiona nani. Katika jambo hili lugha yetu imetupa neema kubwa. Mwandishi wa Kiingereza hawezi kumaliza sentensi moja kuhusu Barry bila kuamua kama ni mume au mke, kwa kuwa vijineno vyake, he na she, vinamlazimisha. Sisi tunasema alizaliwa, alisoma, alipasua, alifariki, na kiambishi hicho kimoja kinambeba binadamu mzima bila kumpekua. Makala yenu ilikuwa na lugha hii mkononi na bado ikaona haja ya kuandika "mwanamke huyo" mara 14.

Nilishangaa vilevile kwamba Afrika haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Hatshepsut alitawala Misri takriban miaka 1,470 kabla ya Kristo, akachongwa sanamu zenye ndevu za kifalme, na waandishi wake walitatizika na sarufi, wakichanganya viambishi vya kike katika sifa za mfalme mwanamume. Njinga wa Ndongo na Matamba, katika nchi ya Angola ya leo, alivaa mavazi ya kivita ya wanaume na kuwasumbua Wareno hadi alipofariki mwaka 1663. Na katika zama zetu hizi alikuwepo Sisa Abu Daooh wa Luxor, aliyefiwa na mumewe akiwa mjamzito, akavaa kanzu ya kiume ili aweze kufyatua matofali na baadaye kung'arisha viatu, akamlea binti yake kwa zaidi ya miaka 40 katika vazi hilo, na mwaka 2015 akatuzwa na rais wa Misri kama mama wa mfano. Alipotuzwa hakubadilisha nguo.

Kisa ambacho msomaji wa Nakuru angeweza kukigusa kwa mkono ni cha Jeanne Baret, nacho hamkukitia kabisa. Mwaka 1766 Baret alijiunga na msafara wa nahodha Mfaransa Bougainville wa kuizunguka dunia, akiwa amevaa kama mwanamume, kwa sababu jeshi la wanamaji lilikataza wanawake melini. Alikuwa msaidizi wa mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, mtu aliyesumbuliwa na maradhi ya mguu, kwa hiyo mizigo ya vyombo, karatasi na majani iliyopandishwa milimani ilikuwa mara nyingi begani mwa Baret. Huko Rio de Janeiro walichuma mmea wa kutambaa wenye maua ya rangi kali, ukapewa jina la mkuu wa msafara. Ndio bogenvilia, unaopandwa ua hapa Nakuru kuanzia Milimani hadi Section 58, na ambao kila Disemba humwaga petali zambarau mbele ya mlango wangu. Baret aliteremka Mauritius mwaka 1768, akarejea Ufaransa baadaye na kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, na mwaka 1785 wizara ya wanamaji ikampa pensheni. Mmea wenye jina lake ulingoja hadi mwaka 2012, wanasayansi walipouita Solanum baretiae mmea mmoja wa Amerika Kusini. Ni wa jamii moja na mnavu, ile mboga tunayoiita managu sokoni na ambayo ndugu zetu wa Kisumu huiita osuga. Tangu nilipolijua hilo, sichambui managu bila kumkumbuka.

Sasa naomba niseme la nyumbani, ambalo nina ruhusa ya kulisema kwa sababu mwenyewe alilisimulia hadharani hadi mwisho wa uhai wake. Babu alipofariki, bibi aliachiwa watoto wanne na deni la duka. Akaanza biashara ya samaki wakavu: alikwenda Kisumu kwa treni ya usiku, akanunua ngege wa kukaushwa, akarudi nao Nakuru. Safari ya kwanza, katika behewa la daraja la tatu, alipapaswa na kuibiwa, na hakuna aliyemwitikia alipopiga kelele. Safari ya pili aliliacha buibui nyumbani. Alivaa koti refu la sufu la marehemu na kofia yake ya pama, akafunga kifua kwa kipande cha leso, akakaa pembeni mwa dirisha na mguu wake juu ya gunia. Mkagua tikiti alipopita, bibi alinyosha tikiti bila kufungua mdomo, naye akamwambia, "Shikamoo mzee." Alisafiri hivyo kwa muda wa miaka sita. Nililishika koti hilo nikiwa mtoto: lilinuka samaki na tumbaku kwa pamoja, vifungo viwili havikufanana na vingine, na ndani ya mfuko wa kushoto alikuwa ameshona kipande cha kanga nyekundu, mahali pa kuficha pesa. Akifika nyumbani alfajiri alilitundika msumarini, akatawadha, akaswali, akawasha jiko. Hakuwahi kusema kwamba alimdanganya mtu. Alisema, "Nilikuwa na samaki wa kufikisha."

Magharibi ya nchi yetu kuna njia nyingine ya kale isiyohitaji hata koti. Miongoni mwa Wanandi, na kwa namna zao Wakipsigis, Wakisii na Wakuria, mwanamke mzee asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke, ili watoto wa huyo mke wawe warithi wa nyumba yake. Kuanzia hapo aliwekwa katika daraja la mume: watoto walimwita baba, aliachana kabisa na mambo ya kitandani, na katika mifugo na ardhi alisema kama wanaume wenzake. Hakujificha mtu yeyote. Kijiji kizima kilijua, na ujuzi huo ndio uliompa cheo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya aina hiyo chini ya mila ya Kinandi katika kesi ya urithi, mke na watoto wake wasinyimwe haki. Silipambi desturi hii. Ilihitajika kwa sababu binti hakuruhusiwa kurithi, na yule mke kijana, mara nyingi kutoka nyumba maskini, hakuulizwa sana alichotaka. Hata hivyo naona ajabu kwamba wazee wa Nandi, ambao hamkuwataja, waliweza kumtazama mwanamke machoni na kumwita mume kwa sababu ya jukumu alilolibeba, ilhali gazeti la leo linashindwa kumwita daktari mtu aliyetibu kwa zaidi ya miaka 45.

Nakumbusha pia kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na miongoni mwake limetajwa vazi. Neno hilo dogo limekaa kati ya utamaduni na lugha, na wengi hulipita bila kuliona. Kuna wasichana hapa Nakuru wanaofanya kazi gereji, wakivaa ovaroli na kofia, wakinyoa nywele ili zisinaswe na mashine. Nimewasikia wapita njia wakiwauliza kwa sauti ya juu wao ni nini. Wanaouliza hivyo husoma magazeti, na huko hujifunza ni maswali gani yanayofaa kuulizwa hadharani.

Ombi langu ni dogo. Kiondoeni kile kichwa cha habari katika makala iliyobaki mtandaoni, na mrudie kisa cha Barry mkianza na maji ya Cape Town na mama aliyepona, siyo chumba alimoandaliwa kuzikwa. Mkitaka visa vya karibu, tumeni mwandishi aketi na wajane wazee wa Nandi, Kisii na Kisumu wakiwa bado wapo, awaulize walifanya kazi gani, walibeba nini, walipita wapi, na ayaandike yale watakayompa ruhusa. Koti la bibi ninalo hadi leo, limekunjwa ndani ya sanduku pamoja na kofia, na kile kipande cha kanga bado kimeshonwa mfukoni. Mpiga picha wenu akifika Bondeni nitamwonyesha. Picha ya bibi mwenyewe akiwa amelivaa haipo, kwa kuwa katika miaka yote sita hakuna aliyewahi kuipiga.

Msomaji wenu,
Mama mwoshaji,
Bondeni, Nakuru.